SOMO: TUIPIME ARDHI YETU KABLA HAIJACHOKA

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka analijua hilo. Kila jioni huandika alichouza na alichobakiza. Mfugaji naye huwahesabu ng'ombe wake wanaporudi zizini. Je, sisi wakulima tunaandika wapi habari za mali yetu kubwa kuliko zote, yaani ardhi?

Wengi wetu hatuandiki popote. Twajua tu kwamba "zamani shamba hili lilikuwa likizaa sana". Zamani ipi? Lilizaa gunia ngapi? Udongo ulikuwa na kina gani? Hapo hakuna jibu. Kila mtu anakumbuka lake, na mwisho lawama zote anatupiwa mvua.

Katika somo la leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini ardhi ipimwe. Pili, namna ya kuipima kwa vifaa ambavyo kila kijiji kinaweza kuvipata. Tatu, jinsi vipimo vya mashamba na vijiji vinavyounganishwa ili kujua hali ya ardhi ya mkoa mzima. Mifano yetu tutaichukua katika Mkoa wa Dodoma, kwa sababu ardhi ya huko ina mafunzo mengi, ya furaha na ya uchungu.

ARDHI HAIFI KWA SIKU MOJA

Nyumba ikiungua, watu wote huona moshi na kukimbilia maji. Ardhi haiungui namna hiyo. Ugonjwa wake huja polepole. Mwaka huu mvua ya kwanza imechukua udongo kiasi cha unene wa ukucha. Nani ataona? Mwaka ujao vilevile. Mtoto aliyezaliwa wakati korongo likiwa mfereji mdogo atakua akiona korongo lile kama kitu cha kawaida, kama kwamba Mungu aliliumba hivyo.

Basi macho peke yake hayatoshi, na kumbukumbu vilevile haitoshi. Yafaa tupime, tuandike, halafu tulinganishe.

Kazi hii si ngeni nchini kwetu. Katika miaka ya 1930 wataalamu huko Mpwapwa walitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko ili wapime udongo na maji. Kipande kimoja kiliachwa kitupu bila mmea wowote. Kingine kililimwa nafaka. Kingine kiliachiwa nyasi, na kingine kichaka. Chini ya kila kipande walikinga maji na udongo uliotiririka baada ya mvua.

Hebu tazama waliyoyaona. Katika kipande kitupu, karibu nusu ya maji yote ya mvua yalitiririka na kupotea. Udongo uliochukuliwa kwa mwaka ulikuwa karibu tani 146 kwa kila hekta. Hekta 1 ni karibu ekari 2 na nusu. Kwa hiyo kila ekari ilipoteza udongo wa kujaza lori la tani 7 zaidi ya mara 8! Katika shamba la nafaka, karibu robo ya maji ilipotea, na udongo ulikuwa karibu tani 78 kwa hekta. Lakini penye nyasi, maji yaliyopotea hayakufika hata sehemu 2 katika 100, na udongo haukupotea wa kuhesabika.

Mvua ilikuwa ileile na mteremko ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa nguo ya ardhi tu.

Sasa fikiri. Tani 146 kwa hekta ni tabaka la udongo lenye unene wa karibu sentimita 1. Mtu akipita hapo hataona kitu. Lakini kwa miaka 15 hiyo ni sentimita 15, yaani karibu udongo wote unaoguswa na jembe la mkono. Na kutengenezwa upya kwa sentimita 1 ya udongo huweza kuchukua mamia ya miaka. Hakuna mjukuu atakayeweza kusubiri.

FUNZO LA KONDOA

Sasa tupande kaskazini kidogo, kwenye vilima vya Irangi, Wilaya ya Kondoa. Huko kwa miaka mingi miti ilifyekwa, miteremko ikalimwa na mifugo ikawa mingi. Makorongo yakachimbika hata nyumba ingeweza kuingia ndani yake. Mchanga ukashuka na kufukia mashamba mazuri ya bondeni.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kwa kifupi kama HADO. Mwanzoni mitambo ililetwa kuchimba makinga maji, na miti ikapandwa. Lakini kazi hiyo peke yake haikutosha, maana mifugo iliendelea kukanyaga na kula kila jani lililochipua. Ndipo mwaka 1979 ikatolewa amri kali: mifugo yote, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iondolewe katika eneo lililoharibika. Eneo hilo lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,256.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pa wananchi wale. Ng'ombe ni maziwa ya watoto. Ni samadi ya shamba. Ni mahari ya kijana na ni akiba ya siku ya ugonjwa. Leo unaambiwa waondoke wote. Wengine waliwahamishia kwa ndugu zao nje ya mpaka, na wengine wakauza.

Je, dawa hiyo ilifaa? Ndiyo, ilifaa. Baada ya miaka michache nyasi zilirudi. Miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Makorongo mengi yakaanza kutulia, na watu wakapata kulima hata kwenye mchanga uliolala chini yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani wakaanza kuruhusiwa.

Lakini dawa ilikuwa chungu. Tena ilikuwa na upande wa pili. Mifugo iliyotoka vilimani haikupaa mbinguni! Mingi ilishuka kwenye tambarare za nje ya mpaka, na ardhi ya huko nayo ikaanza kulemewa. Mtu aliyepima ndani ya mpaka peke yake angesema, "Ardhi imepona." Aliyepima nje ya mpaka peke yake angesema, "Ardhi inaharibika." Wote wawili wangesema kweli, lakini nusu nusu. Hii ndiyo sababu ardhi hupimwa kwa eneo zima, mkoa mzima, si kijiji kimoja tu.

Funzo la Kondoa ni hili: usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayepima mapema huchagua dawa yake mwenyewe: fungu hili tulipumzishe, kule tupande nyasi, hapa tupunguze mifugo kidogo. Anayechelewa huchaguliwa dawa na mwingine.

MAMBO SITA YA KUPIMA

Haya, sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kanuni kubwa ni moja: pima mahali palepale, kwa njia ileile, wakati uleule wa mwaka. Ukibadili mojawapo, hutajua kama kilichobadilika ni ardhi au ni kipimo chako.

1. Mvua. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, lisilo na tumbo wala shingo. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na ulifunge kwenye kigingi lisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula ya shule ndani yake. Andika milimita, kisha mwaga maji. Rula nyingi huacha nafasi kidogo kabla ya alama ya sifuri. Ikate nafasi hiyo kwanza. Kipimo cha mvua ni ufunguo wa vipimo vingine vyote. Tutaona sababu yake baadaye.

2. Nguo ya ardhi. Fanya kipimo hiki mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, maana mvua za kwanza zikikuta ardhi i uchi ndizo zinazoiumiza zaidi. Chagua mstari ulionyooka katika shamba au malisho. Tembea hatua 100. Kila hatua tazama mbele ya kidole gumba cha mguu: kuna nini? Kama ni nyasi, mmea, majani makavu au mabua, mwenzako aandike alama upande wa "imefunikwa". Kama ni udongo mtupu, aandike upande wa "uchi". Ukimaliza, hesabu ya upande wa kwanza ndiyo asilimia. Hatua 40 zilizofunikwa ni asilimia 40. Hesabu imekwisha! Usichague pa kukanyaga. Wengine hukwepa udongo mtupu ili kijiji chao kisionekane kibaya. Huko ni kujidanganya wenyewe.

3. Udongo unaoondoka. Tafuta nondo nyembamba za urefu wa sentimita 60. Zipigilie katika mteremko wa malisho au kando ya shamba hadi zibaki sentimita 10 juu ya ardhi. Usiziweke ndani ya shamba, kwani jembe litazichezea. Ziwe angalau 10, maana nondo moja yaweza kukaa penye kichuguu au njia ya mbuzi ikakudanganya. Kila mwaka pima sehemu iliyo juu. Ikiwa imeongezeka kutoka sentimita 10 hadi 11, udongo wa sentimita 1 umekwenda. Ikiwa imepungua, udongo wa mahali pengine umelala hapo. Najua mtasema, "Nondo zitaibwa zikauzwe vyuma chakavu!" Kweli. Basi tumieni vigingi vya mti mgumu usioliwa na mchwa, navyo vitafaa.

4. Kiu ya udongo. Chukua kopo kubwa la bati, toa mfuniko na kitako libaki kama bomba. Lisukume ardhini kiasi cha sentimita 5. Mimina nusu lita ya maji na usubiri yaishe. Mimina nusu lita nyingine, na safari hii tazama saa: yamechukua dakika ngapi kuzama? Andika. Udongo wenye afya hunywa upesi. Udongo uliokanyagwa na ulioishiwa mboji hukataa maji, nayo hukimbilia korongoni.

5. Mavuno kwa kila ekari. Andika uzito wa mavuno na ukubwa wa shamba. Ni vizuri kutumia mizani. Kama huna, tumia debe moja lilelile kila mwaka. Gunia lina hila zake: la mtu huyu limefungwa kawaida, la yule ni lumbesa. Tena kumbuka kuhesabu mahindi mabichi mliyochoma na mtama uliotangulia kusagwa kabla ya mavuno.

6. Rutuba. Kila baada ya miaka michache peleka udongo ukapimwe. Chimba mahali 10 katika shamba moja, ukitembea kwa kupindapinda. Chukua udongo wa juu hadi kina cha sentimita 20, uchanganye katika ndoo safi, kisha utoe kiasi cha nusu kilo. Usichanganye udongo wa bondeni na wa mlimani. Mwulize bwana shamba wenu namna ya kuufikisha katika maabara; kwa mfano, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Mkoa wa Tanga, kinashughulika na udongo. Wakati mnasubiri, shamba lenyewe huzungumza. Kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mtama na mahindi, likizidi ni dalili kwamba rutuba imepungua.

DAFTARI LA MAMA NEEMA

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja, tumwite Mama Neema. Alihitimu kisomo cha watu wazima, akaamua kutotupa kalamu. Alinunua daftari, akaandika hivi:

Mwaka wa 1: ekari 2. Mtama gunia 12. Mvua milimita 540. Ardhi iliyofunikwa, asilimia 62. Vigingi, sentimita 10.

Mwaka wa 3: ekari 3. Mtama gunia 15. Mvua milimita 560. Ardhi iliyofunikwa, asilimia 50. Vigingi, sentimita 11.

Mwaka wa 5: ekari 4. Mtama gunia 16. Mvua milimita 550. Ardhi iliyofunikwa, asilimia 41. Vigingi, sentimita 12.

Mwaka ule wa 5 Baba Neema alirudi kutoka ghalani amefurahi.

"Mama Neema, umeona? Gunia 16! Tulianza na 12. Tunapanda juu tu."

Mama Neema hakujibu neno. Alileta daftari na kulifungua mbele yake.

"Baba Neema, hebu nisaidie hesabu. Mwaka wa 1, gunia 12 katika ekari 2. Kila ekari ilitoa ngapi?"

"Sita."

"Mwaka wa 3, gunia 15 katika ekari 3?"

"Tano."

"Na mwaka huu, 16 katika ekari 4?"

Baba Neema alikaa kimya kidogo. "Nne," alisema. "Lo! Kumbe tunalima zaidi na kupata kidogo. Lakini mke wangu, mvua nayo..."

"Mvua hii hapa nimeiandika. Mwaka wa 1 milimita 540, mwaka huu 550. Mvua haina kesi. Tazama vigingi: udongo wa sentimita 2 haupo. Tazama nguo ya ardhi: ilikuwa 62, sasa 41. Mabua yote tunawalisha ng'ombe, yanayobaki tunachoma."

"Basi tufanyeje? Tuongeze ekari ya tano?"

"Ya tano iko wapi, Baba Neema? Juu yetu ni mlima, chini ni shamba la shemeji yako."

Ndugu msomaji, umeona kazi ya daftari? Jumla ya gunia ilificha ugonjwa. Kila mwaka familia ilifyeka ardhi mpya ili kufidia ardhi iliyochoka, na ghala likaonekana limejaa. Mavuno kwa ekari ndiyo yaliyosema kweli. Na kipimo cha mvua ndicho kilichoondoa ubishi. Kama mvua ingekuwa imepungua sana, pengine shamba lisingekuwa na kosa. Mvua ikiwa nzuri na mavuno yakashuka, lazima tuitazame ardhi yenyewe, pamoja na mbegu, palizi na wadudu.

KUTOKA SHAMBA HADI MKOA

Sasa tuseme vijiji vyote vya wilaya vinapima. Vipimo hivyo viunganishweje?

Kwanza, mahali pa kupimia pachaguliwe kwa haki. Tusichague shamba la mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti, wala shamba la mfano kwa sababu ni zuri. Chora ramani ya kijiji na uigawe katika miraba. Kisha piga kura kupata miraba ya kupima: mlimani, mteremkoni, bondeni, malishoni. Kura haipendelei mtu.

Pili, vijiji vyote vitumie fomu moja. Kijiji kimoja kikipima kwa hatua na kingine kwa kukisia, haviwezi kulinganishwa.

Tatu, tujihadhari na wastani. Tuseme vijiji 5 vya wilaya vina ardhi iliyofunikwa asilimia 80, na vingine 5 asilimia 20. Wastani ni 50. Mkubwa akisoma 50 atasema hali si mbaya. Kumbe nusu ya vijiji inaangamia! Kwa hiyo taarifa ya mkoa isitaje wastani peke yake. Itaje pia ni vijiji vingapi vina hali nzuri, vingapi vina hali ya kati, na vingapi vinaumwa, tena viko wapi.

Siku hizi kuna pia setilaiti, yaani vyombo vinavyozunguka dunia huko juu na kupiga picha za ardhi. Setilaiti za Landsat zilianza kazi hiyo mwaka 1972, na za Sentinel-2 mwaka 2015. Picha zao hutolewa bila malipo. Landsat za sasa huona ardhi kwa miraba ya mita 30 kwa 30, kwa hiyo ekari 1 ina miraba zaidi ya 4. Sentinel-2 huona miraba ya mita 10 kwa 10. Kwa picha hizo mtaalamu aweza kuuona mkoa mzima na kujua wapi kijani kinaongezeka na wapi kinapungua, mwaka hadi mwaka.

Je, basi tuache vigingi na makopo, tungoje habari za setilaiti? Hapana. Setilaiti huona kijani, lakini mara nyingi hushindwa kujua kama kijani hicho ni malisho mazuri au ni vichaka vya miiba ambavyo ng'ombe hawali. Huona pamekauka, lakini haiwezi kumwuliza mwenye shamba kama amekwisha kuvuna au amekosa. Haioni kama gunia ni lumbesa. Jicho la juu na jicho la chini lazima yasaidiane. Mtu wa chini ndiye shahidi.

Hata Umoja wa Mataifa unapima hivyo. Mwaka 2015 nchi za dunia zilikubaliana malengo ya maendeleo hadi mwaka 2030, na Lengo la 15 linahusu ardhi. Kujua kama ardhi imeharibika, hutazamwa mambo matatu: ardhi imefunikwa na nini, inaotesha kiasi gani, na ina kaboni kiasi gani, yaani ile asili ya mboji iliyomo udongoni. Moja tu likishuka, ardhi hiyo huhesabiwa kuwa imeharibika hata kama mengine mawili ni mazuri. Sasa linganisha na daftari la Mama Neema. Nguo ya ardhi, mavuno, rutuba. Ni yaleyale!

Na vipimo havileti habari mbaya tu. Mkoani Shinyanga mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulianza mwaka 1986. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa za karibu hekta 600 tu. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Kama hakuna aliyeandika ile 600, nani leo angejua ukubwa wa kazi iliyofanywa na wananchi wale?

JE, DAFTARI LITATULETEA BALAA?

Wapo watakaosema, "Tukiandika kwamba ardhi yetu imeharibika, watakuja kutunyang'anya." Hofu hiyo ina sababu, na tusiicheke. Watu wa Kondoa wanajua maana ya amri kutoka juu.

Lakini tujiulize: ni nani aliye salama zaidi, mwenye vipimo vyake au asiyekuwa navyo? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 inakipa kijiji nafasi ya kutengeneza mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kijiji kikiwa na namba zake cha miaka mitano hakina haja ya kungoja mgeni aje aseme hali yake. Kitasema chenyewe: "Hapa tumekosea, na hivi ndivyo tunavyorekebisha. Njooni mpime mwakani."

Kwa hiyo daftari libaki kijijini, na nakala ndiyo iende wilayani. Lisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji kila mwaka, wafugaji na wakulima wakiwepo, akina mama wakiwepo. Kipimo kisichosomwa mbele ya watu ni sawa na mbegu iliyofungiwa kabatini.

Na baada ya kusoma, watu watende. Vigingi vikionyesha udongo unaondoka, chimbeni makinga maji kukata mteremko na pandeni nyasi juu ya kingo zake. Nguo ya ardhi ikipungua, acheni sehemu ya mabua shambani, na tengeni malisho ya kupumzika. Udongo ukikataa maji, uongezeeni samadi na mboji. Mavuno kwa ekari yakishuka, changanyeni nafaka na kunde, na mwulizeni bwana shamba kuhusu mbolea inayofaa. Kisha mwakani pimeni tena, mjue kama dawa imefanya kazi.

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma na kuandika, pengine ulidhani kazi ya kalamu ni barua na sahihi tu. Leo umepata kazi nyingine. Usingoje semina. Kata rula, tafuta kopo, chonga vigingi kumi. Mvua za mwaka huu zisikukute hujaandika mstari wa kwanza.

MANENO MAPYA

Asilimia: sehemu katika kila mia.
Makinga maji: matuta au mifereji inayochimbwa kukata mteremko ili kuzuia maji yasikimbie.
Mboji: majani na mabaki yaliyooza yakawa chakula cha udongo.
Setilaiti: chombo kinachozunguka dunia juu angani.
Wastani: jumla ya hesabu ikigawanywa kwa idadi yake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gunia 16 za Mama Neema zilikuwa habari mbaya kuliko gunia 12?
2. Ekari 3 zimetoa debe 54 za mtama. Mwaka uliofuata ekari 4 zimetoa debe 60. Kila ekari ilitoa debe ngapi mwaka wa kwanza? Na mwaka wa pili?
3. Mkipima mvua mkaona imepungua nusu, na mavuno nayo yamepungua nusu, je, mwaweza kusema kwamba ardhi imechoka? Elezeni.
4. Mifugo ilipotolewa vilimani Kondoa mwaka 1979, nani alifaidika na nani aliumia? Kama mngekuwa kijiji kimojawapo cha huko, mngependa kipimo kifanywe mwaka gani?
5. Tembeeni hatua 100 katika malisho ya kijiji chenu. Ni hatua ngapi zimefunikwa? Andikeni jibu pamoja na tarehe, na mlitunze hadi mwakani.